Mgeni Rasmi wa Kompaila ya Taifa

Ilikuwapo nchi, na anayebisha aende akaitafute mwenyewe, ambayo hakuna jambo lililoanza mpaka mkubwa alianzishe. Jina lake Kwanzia. Haiko mbali. Ukisikia vipaza sauti vinapimwa "moja mbili, moja mbili" tangu alfajiri, na watu wameketi juani wakijipepea kwa ratiba, ujue mpaka umeshauvuka.

Watu wa Kwanzia walikuwa wastaarabu na wavumilivu kupita kiasi. Harusini sufuria la pilau halikufunuliwa mpaka mgeni rasmi afike, hata kama pilau lenyewe limeshakuwa ukoko juu na chini. Gari jipya la zimamoto liliposhushwa mjini, soko kuu liliungua mbele yake mchana kweupe, na askari wa zimamoto wamekaa ndani ya gari na kofia zao kichwani, kwa sababu utepe ulikuwa haujakatwa. Hakuna aliyelaumiwa. Utepe ule, tuseme kweli, ulikuwa wa hariri. Na mazishini, udongo wa kwanza ulikuwa haki ya mgeni rasmi. Marehemu alishushwa, akasomewa dua zake, kisha akangojeshwa kule chini mpaka msafara wa magari utokee. Wakubwa walisema marehemu hana haraka, na ni kweli, hakuna marehemu aliyewahi kulalamika.

Sasa katika nchi ya namna hiyo, mtu mwenye nguvu si yule anayeanza. Ni yule anayejua nani aanze. Mtu huyo alikuwa Hermenegildi Lukomwa, Mkurugenzi wa Itifaki wa Taifa, bwana mrefu mwembamba wa suti nyeusi, ambaye maishani mwake hakuwahi kuanza kitu chochote. Hata chai nyumbani kwake alingoja mwingine anywe kwanza. Lakini ukimwamsha usingizini ukamuuliza kati ya naibu waziri na mkuu wa mkoa nani akae kiti cha kulia, alikujibu kabla hajafumbua macho, na hakukosea.

Lukomwa alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, dada yake Skolastika. Wazazi walipokufa, Skola ndiye aliyemlea. Alikaanga vitumbua na kupika uji, akamsomesha mdogo wake mpaka akavaa tai. Mpaka siku hizi za hadithi yetu Skola alikuwa bado anapika. Alikuwa na kibanda chake cha chakula huko Mabondeni, na watu walisema ukila maharage ya Skola unasahau una madeni. Mdogo wake alimpenda sana. Alikwenda kumwona kila alipopata nafasi, yaani mara chache, na kila alipokwenda alikaa mlangoni akingoja akaribishwe, mpaka Skola amvute kwa mkono.

Mabondeni, kama jina linavyosema, ni bondeni. Na juu ya Mabondeni lilikaa Bwawa la Heshima.

Bwawa hilo lilijengwa na wageni, wakaondoka wakaacha milango ya chuma inayoendeshwa na kompyuta. Maji yakivuka alama nyekundu, kompyuta ilipiga king'ora bondeni watu wakae chonjo, ikafungua milango, maji yakapungua, ikafunga. Hakuna aliyehutubia. Watu wa Mabondeni walilala usingizi wao miaka yote, na hilo ndilo lililoleta balaa, maana kitu kinachofanya kazi vizuri bila waziri lazima kimtie waziri wasiwasi.

Waziri mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Profesa Balozi Kidundo, Waziri wa Mianzo na Uzinduzi. Siku moja alipita pale bwawani akajionea milango inafunguka yenyewe. Akauliza nani amezindua. Akaambiwa hakuna. Akauliza jana nani alizindua. Akaambiwa jana pia hakuna. Mzee wa watu alikaa chini akaomba maji ya kunywa. Jioni alikuwa kwenye televisheni, uso umemvimba kwa uzalendo, akiwaeleza wananchi kwamba haiwezekani, katika nchi huru, milango ya taifa ikawa inafunguka ovyo kama mlango wa choo cha stendi.

Akaitwa Dokta Atupele, mtaalamu mkuu wa kompyuta serikalini, mwanamke aliyesoma ng'ambo akarudi na miwani na hasira. Aliulizwa programu ya bwawa inaanzaje bila ruhusa. Akasema inaanza pale kompaila ilipoiambia ianze. Kompaila ni nini? Ni programu inayoyachukua maandishi ya mtaalamu na kuyageuza yawe amri ambazo mashine inazielewa. Na hiyo kompaila ni ya nani? Ya wageni.

Basi mchawi akawa amepatikana. Kompaila ya wageni ikafutwa kwa sherehe, mizinga ikapigwa, na ikatolewa amri kwamba Kwanzia iwe na Kompaila yake ya Taifa, yenye adabu. Kwa kuwa suala lenyewe lilikuwa nani aanze, kazi hiyo hawakupewa watu wa kompyuta. Walipewa Idara ya Itifaki. Lukomwa, ambaye kuhusu kompyuta alijua tu kwamba hufunikwa kitambaa zikizimwa, akawa mwenyekiti wa kamati. Dokta Atupele akawa katibu wake.

Kikao cha kwanza kilianza jioni, kwa sababu kiliitishwa asubuhi. Dokta akaeleza. Programu ni vipande vingi vya maagizo, kila kipande na jina lake. Kompaila inasoma vyote toka juu hadi chini, na kila ikikuta kipande inaingiza jina lake kwenye jedwali, pamoja na mahali kilipo. Haijali kama kipande ni kirefu au kifupi. Haijali kimeandikwa mwanzoni au mwishoni. Inatafuta jina moja tu, "mwanzo", na ikilikuta inalitia alama kwamba huyu ndiye ataitwa kwanza. Ikimaliza inakagua jedwali. Kama hakuna mwanzo, inakataa kazi. Kama wako wawili, inakataa kazi vilevile. Imekwisha.

Mjumbe mmoja akauliza kama kipande cha mstari mmoja kinaweza kuwa mwanzo mbele ya kipande cha mistari elfu. Dokta akasema kinaweza. Mwingine akauliza, yaani kipande chochote tu kikijiita mwanzo, basi ndicho mwanzo? Dokta akasema ndiyo, ndivyo duniani kote. Bila kuteuliwa? Bila kuteuliwa. Bila kuapishwa? Dokta akavua miwani akaifuta.

"Haya ni mapinduzi," alisema Mheshimiwa Kidundo, kwa sauti ya chini ya mtu anayejua simu zinasikilizwa.

Kamati ikafanya kazi yake, na ninaomba msicheke, watu walitoka jasho. Ikaamuliwa kwamba kila wizara iwe na mwanzo wake ndani ya programu ya bwawa, isije moja ikajiona yatima. Ikaamuliwa kwamba Kompaila ya Taifa ikikuta mianzo mingi isikatae kazi, maana kukataa ni utovu wa nidhamu, bali iangalie vyeo na kumchagua mwenye cheo kikubwa. Na kwa kuwa Kwanzia cheo cha asubuhi si lazima ulale nacho, ikaamuliwa programu isitengenezwe mara moja tu ikakaa. Itengenezwe upya kila maji yanapovuka alama nyekundu, ili kompaila ipate habari za karibuni za nani mkubwa. Dokta akauliza itakuwaje wawili wakilingana. Wajumbe wakamwonea huruma. Wakubwa hawalingani, walimwambia. Lakini kwa kumridhisha wakaweka kifungu: ikitokea, mashine isimame na kumuuliza Mkurugenzi wa Itifaki, naye ajibu kwa dole gumba lake mwenyewe juu ya kioo, la mtu mwingine lisikubalike.

Hapo ndipo Dokta Atupele, kwa uchovu au kwa ubishi, alipotoboa jambo moja zaidi. Alisema kwa kweli hata mwanzo wenyewe si wa kwanza. Kuna kijipande kidogo ambacho kompaila inakichomeka yenyewe, hakuna aliyekiandika, wala hakionekani kwenye maandishi ya mtu. Hicho ndicho kinachotangulia. Kinatayarisha mahali, kisha ndipo kinamwita mwanzo, na mwanzo akimaliza kazi anarudi kwake kutoa taarifa.

Patashika! Watu walisimama, viti vikaanguka. Nani huyo anayemtangulia mgeni rasmi? Ana cheo gani? Katumwa na nani? Kidundo alitaka kijipande kikamatwe. Dokta akasema ukikiondoa hakuna wa kumwita mwanzo, programu haitaanza kabisa. Kamati ilikuwa karibu kuvunjika, na hapo Hermenegildi Lukomwa akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinyoosha mkono bila kutajwa.

"Waheshimiwa," alisema, "huyo si mpinzani. Huyo ni mshereheshaji."

Lo, makofi! Ilikuwa wazi kama mchana. Kabla ya mgeni rasmi kusimama, lazima awepo mtu wa kushika kipaza sauti, kupanga viti na kumkaribisha. Kijipande kile kikasamehewa papo hapo, kikapewa jina la Mshereheshaji, na kazi yake ikapanuliwa ifanane na jina: kabla ya kumwita mwanzo aliyechaguliwa, kitambue uwepo wa mianzo mingine yote, mmoja mmoja, kwa majina na vyeo kamili, kwa sauti, kupitia vipaza sauti vya bwawa. Na kisikatizwe. Lukomwa alirudi kwake siku hiyo akiwa mwepesi kama aliyeshushiwa mzigo. Alimpigia dada yake akamwambia, dada, leo nimechangia. Skola akafurahi, akamuuliza kama amekula.

Likabaki moja. Dokta alikuwa ameeleza kwamba mwanzo akimaliza salama hutoa taarifa kwa namba, na namba ya salama ni sifuri. Kidundo hakuamini masikio yake. Waziri afanye kazi ya nchi, halafu apewe sifuri? Wakaibadilisha. Kumaliza salama kukawa mia kwa mia. Dokta akauliza, je, programu ikishindwa itatoa namba gani. Kamati haikuona sababu ya kutenga namba kwa ajili ya jambo ambalo halitatokea.

Akaandika, Dokta Atupele. Aliandika kama alivyoagizwa, neno kwa neno, kwa chuki safi, na posho ya vikao hakuirudisha.

Uzinduzi ulifana. Milango ile ilikuwa na usukani wa chuma wa kuizungushia kwa mkono umeme ukileta matata. Ukang'olewa ili Mkuu wa Nchi aushike kwenye picha, akaupenda, akaondoka nao. Mpaka leo uko ofisini kwake, wageni wanautundikia kofia.

Basi masika yakakaribia. Skolastika alimpigia mdogo wake simu. Alisema watu wa Mabondeni wana wasiwasi, wengine wameanza kuhamisha magodoro yao kilimani kwa sababu wamesikia programu ya zamani imetupwa. Yeye amewaambia watulie. Amewaambia mwenyekiti wa hiyo mpya ni mdogo wake wa tumbo moja, hawezi kuwaacha wafe. Akauliza amewaambia sawa?

Lukomwa alijua king'ora sasa kinakaa ndani ya mwanzo, na mwanzo anakaa nyuma ya salamu za wizara zote. Alijua. Lakini kumwambia dada yake ahame ilikuwa ni kutoa tahadhari, na tahadhari Kwanzia hutolewa na Mkuu wa Mkoa. Hakuweza kumtangulia Mkuu wa Mkoa.

"Umewaambia sawa, dada," alisema. "Mngoje king'ora."

Siku yenyewe ilipofika, ilikuwa mchana. Mvua ilikuwa imepiga tangu juzi yake kama inayolipwa. Lukomwa alikuwa juu ya bwawa, kwenye chumba cha mitambo pamoja na Dokta Atupele, kwa sababu itifaki ilimtaka awepo. Maji yakavuka alama nyekundu. Kompaila ya Taifa ikaamka, ikasoma vipande vyote, ikajaza jedwali lake, ikapekua vyeo, ikaanza kuchuja. Halafu ikasimama.

Asubuhi ile redio ilikuwa imetangaza mabadiliko ya baraza la mawaziri. Mkuu wa Nchi, katika hekima yake, alikuwa ameteua Naibu Mawaziri Wakuu wawili kwa mpigo, mpya kabisa, mmoja Profesa Balozi Kidundo na mwingine Jenerali Mstaafu Tindwa, Waziri wa Maji. Uteuzi ulianza saa ile ile kwa wote wawili, na mtangazaji akamalizia kwamba majina yametajwa bila kuzingatia ukubwa. Nchi nzima ilishangilia. Hakuna aliyeikumbuka kompaila.

Kwenye kioo yakatokea maandishi: VIPANDE VIWILI VINA CHEO SAWA. MKURUGENZI WA ITIFAKI ACHAGUE. Chini yake picha mbili za waheshimiwa, wote wakitabasamu.

Dokta akamwambia abonyeze yoyote. Alimweleza kwamba mianzo ile miwili ni kitu kile kile, yote inapiga king'ora na kufungua milango ile ile, tofauti yake ni picha. Lukomwa akasema anaelewa. Akaingiza dole gumba mfukoni.

Akampigia Kidundo. Kidundo alisema yeye hana makuu, achague kwa haki, ila asisahau nani alimpa uenyekiti. Akampigia Tindwa. Tindwa alisema nchi ni yetu sote, achague yeyote tu, ila yeye ni mwanajeshi na mwanajeshi hasahau. Lukomwa akapangusa jasho kwa mkono wa kushoto. Maji nje yalikuwa yameanza kulamba ngazi.

Simu ikalia. Ilikuwa dada yake. Alisema mto umepanda hadi kwenye mafiga, ameokoa sufuria tu, na majirani wengine wamekimbia, wengine wako hapa kwake wanamtazama yeye. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza chumvi.

"Gildi, mdogo wangu," alisema. "Niondoke?"

"Ngoja kidogo, dada. Tunaanza sasa hivi."

Dokta Atupele aliposikia hayo alimrukia. Aling'ang'ana naye kumtoa mkono mfukoni, mwanamke wa watu na udokta wake, akimvuta kwa nguvu zote, huku Mkurugenzi wa Itifaki wa Taifa akikizungukia kiti na kidole chake kama mtoto anayeficha andazi. Dokta akamwambia huyo ni dada yako kule chini. Lukomwa akasema anajua, anajua, lakini akikosea je? Akimtanguliza asiyestahili je? Dokta akamwachia mkono. Akawaza kuzima umeme, ila ukizima umeme milango haifunguki kabisa, na usukani ulikuwa ikulu unatundikiwa kofia.

Lukomwa akaona ampigie dada yake amwambie aondoke, Mkuu wa Mkoa apende asipende. Simu ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa. Hapo kitu kikakatika ndani yake. Akautoa mkono mfukoni akabonyeza kioo bila kutazama amebonyeza nani.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," vipaza sauti vya bwawa vikaunguruma juu ya mvua. "Kabla sijamkaribisha mgeni rasmi, naomba nitambue uwepo wa Mheshimiwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Mianzo na Uzinduzi, Profesa, Balozi…"

Nani wa kumkatiza? Kamati ilikuwa imeagiza asikatizwe. Mshereheshaji akatambua Wizara ya Fedha na manaibu wake. Akatambua Elimu. Akatambua Michezo, Utalii, na Mipango ya Baadaye. Lukomwa alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo akikibonyeza kwa viganja vyote viwili, akilia, akiita jina la dada yake, na kile kioo kikimjibu kila mara kwa adabu: TAFADHALI SUBIRI, WAGENI WANATAMBULIWA. Mshereheshaji alipofika Mifugo, ukuta wa bwawa upande wa kushoto ulitoa sauti moja nzito ukaondoka.

Salamu ziliendelea mpaka mwisho. Mwanzo akaitwa, akaja. King'ora kikalia, kizuri, chenye nguvu, juu ya bonde ambalo halikuwa na mtu wa kukisikia. Milango ikafunguka, upande huu na upande ule, ikipitisha hewa. Kisha kwenye kioo: IMEFANIKIWA MIA KWA MIA.

Waliokimbia wenyewe walipona. Waliokufa ni wale waliomwamini Skola, na Skola mwenyewe, ambaye alimwamini mdogo wake. Walimkuta amebanwa kwenye ukuta wa kibanda chake, simu iko mkononi.

Wakazikwa kilimani. Jeneza la Skolastika lilishushwa, katekista akasoma, akamaliza, akafunga kitabu. Halafu watu wakasimama wakingoja, kama kawaida. Wageni rasmi walikuwa wawili, Kidundo na Tindwa, sawa kwa sawa. Na kwa kuwa Kwanzia mkubwa ndiye anayefika mwisho, misafara yao ilikuwa imesimama kwenye njia panda kule chini, taa zinawaka, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie. Jua likapanda. Kaburi likangoja. Watu wa Mabondeni, wale waliobaki, walianza kumtazama Lukomwa. Hawakumtukana. Walimtazama tu, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani aanze.

Lukomwa alikuwa kwenye ukingo wa kaburi na suti yake ile nyeusi. Alikuwa ameingiza dole gumba mfukoni bila kujua. Akalitazama jeneza kule chini, likingoja kwa adabu, kama alivyomwambia dada yake angoje. Akautoa mkono. Akapiga magoti, akazoa udongo kwa vidole, akautupa.

Msimsifu. Kuanza mazishi si kuanza kitu, na alikuwa amechelewa kuliko magari yote yaliyosimama njia panda. Lakini udongo ulilia juu ya ubao, na watu wakasikia. Mama mmoja akazoa wake. Akafuata mwingine. Wanaume wakashika majembe, na kaburi likajaa kabla mtu hajakumbuka kuogopa.

Waheshimiwa walifika hatimaye, bega kwa bega, baada ya kukubaliana magari yaende sambamba, moja likipita shambani kwenye mihogo ya watu. Walikuta tuta limeshasawazishwa na maua yamewekwa. Profesa Balozi Kidundo alilitazama tuta lile kama mtu aliyeibiwa. Akaamuru lifukuliwe, ili mambo yaanze upya, kwa utaratibu. Hakuna aliyesogea. Akawageukia watu.

"Nani aliyeanza?"

Lukomwa alikuwa ameketi juu ya udongo, mikono michafu hadi kwenye viwiko.

"Maji, Mheshimiwa," alisema. "Yalianza maji. Mimi nimefuata."

Alifukuzwa kazi kesho yake kwa kosa la kuanza. Tume ikaundwa, ikachunguza, na ikagundua kwamba Kompaila ya Taifa ilifanya kazi mia kwa mia, ushahidi upo kwenye kioo. Kosa lote lilikuwa la maji, ambayo yaliingia bila kutambuliwa, yakawatangulia viongozi wawili wa ngazi ya juu, na yakaondoka bila kuaga. Tume haikutaka kuyaonea. Iliona yalifanya hivyo kwa kukosa cheo. Kwa hiyo katika toleo jipya la Kompaila, maji nayo yamepewa mwanzo wake, na cheo cha Waziri Asiye na Wizara Maalumu, na kila sherehe inapofanyika Kwanzia yanawekewa kiti safu ya mbele, chenye kitambaa cheupe.

Bwawa limejengwa tena, pale pale. Lukomwa anaishi Mabondeni, kwenye kiwanja cha kibanda cha dada yake, na masika yakinukia tu anapita mlango hadi mlango akiwaambia watu wahame, bila kumngoja Mkuu wa Mkoa. Wengine wanahama. Wengine wanamuuliza ametumwa na nani. Na kule juu ya bwawa kiti kile chenye kitambaa cheupe kimeshapangwa, kinamngoja mwenyewe, na mawingu ndiyo hayo yanakuja.